Mdudu wa Kilolo Kwenye Barafu

Kwetu ukikaribishwa chakula, mara ya kwanza unakataa. Unasema umeshiba hata kama tumbo linanguruma na mwenyeji analisikia. Yeye naye anajua unadanganya, kwa hiyo anakukaribisha tena, na wewe unasema asante, nimetoka kula sasa hivi. Mara ya tatu anakushika mkono na kukuvuta, ndipo unanawa. Mama yangu kule Kilolo alinifundisha hivyo kwa kunikazia macho mbele za watu, na mimi nikamfundisha mdogo wangu. Nasema nilimfundisha, kama alinisikiliza ni habari nyingine.

Huyo mdogo wangu ni mtoto wa mama mdogo. Aliletwa nyumbani kwetu akiwa bado anaburuza kanga ya mama yake, tukalala kitanda kimoja miaka yote ya utoto. Alipomaliza masomo nilimvuta Mbeya, kwenye maabara ya chuo ninakofanya kazi. Kazi yetu ni wadudu wa mitoni. Tunaingia kwenye maji, tunategesha wavu, tunasugua mawe kwa mguu upande yanakotokea maji, na kinachong'oka kinaingia wavuni. Tunamwaga kwenye sinia jeupe, tunaokota kwa kibano, tunatia kwenye chupa ya spiriti. Ukijua ni wadudu gani wanaishi kwenye mto unajua mto una afya gani. Nimefanya kazi hiyo kwenye vijito vya Kilolo, kwenye Ruaha Mdogo pale Kalenga, na milima yote hii inayoizunguka Mbeya. Yeye kushika kibano nilimfundisha mimi, kwa mkono wangu juu ya mkono wake.

Basi akaja profesa wa barafu. Alikuwa mzee mrefu kutoka nchi za baridi, anaongea Kiswahili safi cha vitabuni, na kundi lake lilikuwa linachunguza barafu iliyobaki juu ya Kilimanjaro. Inayeyuka, kila mtu anajua. Wao walitaka kujua kinachoishi nayo kabla haijaisha: mwani unaoota juu ya barafu yenyewe, viumbe wadogo wanaokaa kwenye vishimo vya vumbi, na wadudu, kama wapo, kwenye vijito vinavyotoka ukingoni mwake. Kwa hao wadudu alihitaji mtu mmoja kutoka kwetu.

Tulikuwa tumekaa chumba cha mikutano, watu saba na chai. Profesa alinigeukia mimi. Alisema amesikia kwamba katika nyanda hizi hakuna anayeijua kazi ya mawe na wavu kama mimi, je, ningependa kwenda? Nilitaka kwenda kuliko kitu chochote. Nikainamisha kichwa kama binti aliyelelewa, nikasema, "Labda wapo wengine wanaofaa kuliko mimi."

Nikasubiri aseme mara ya pili.

Profesa aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akaandika kitu kwenye daftari lake, akauliza kama kuna mwingine. Kwao ukisema hapana ni hapana, wala hawakuvuti mkono. Mdogo wangu, aliyekaa karibu na birika, akanyoosha mkono. Akasema yeye angependa sana. Hivyo tu! Hakuinamisha kichwa, hakusema labda. Profesa akatabasamu, akaandika jina lake, na mkutano ukaendelea na habari za mahema na viatu.

Siwezi kueleza nilivyotoka mle ndani. Watu walimpongeza, nami nikampongeza, nikamkumbatia kabisa, na huku roho inanisokota. Kwa wiki nzima sikulala vizuri. Nilikuwa najiambia kwamba kama ni barafu, mimi ndiye niliyeishika kwanza. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Kule Kilolo mwezi wa sita sakitu hushuka, majani yanakuwa meupe asubuhi, na siku ile maji ya bakuli la kuku yalikuwa yameshika utando mgumu. Niliutoa kwa vidole, nikauinua juani, nikaona mlima mzima kupitia kwenye ule utando. Mdogo wangu alipougusa alikimbia akalia, akasema unauma. Nikaula mbele yake kumwonyesha ushujaa. Leo huyo aliyelia ndiye anapimwa koti la kupandia barafu, na mimi nabaki Mbeya kuhesabu funza.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Lakini mimi niliona ile nyota ni yangu, imekosea nyumba.

Siku mbili kabla hajaondoka alikuja kuniomba wavu. Wavu wangu ulikuwa mzuri kuliko wote maabara, matundu madogo, pindo nimelishona mwenyewe mara mbili. Sasa, kuna sheria ya kazi yetu, na watu wa nje hawaijui. Wavu ukitoka mto mmoja hauendi mto mwingine mpaka ufuliwe. Unaugeuza ndani nje, unaupitia mshono wote kwa sindano, kwa sababu wadudu hujificha kwenye mshono, halafu unauanika siku mbili juani. Na anayefua ni mwenye wavu, si anayeazima, maana mwenye wavu ndiye anayejua mishono yake. Ni kama bakuli la jirani: halitoki kwako likiwa chafu.

Wavu ulikuwa umetoka Kilolo jana yake, kwenye kijito kilicho nyuma ya nyumba ya mama. Ulikuwa bado mbichi. Mdogo wangu alisimama mlangoni, anaongea habari za viatu vyenye meno, na jinsi hewa inavyokuwa nyepesi kule juu, na dada hivi, na dada vile. Nilimsikiliza mpaka nikachoka. Nikaukunja wavu kama ulivyo, nikautia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga, nikampa. Nilijua ninachofanya. Sikuwa na mpango wowote, nisijipakazie akili nisiyokuwa nayo. Nilisema tu moyoni, mimi nisiende, halafu nimfulie? Akaupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaenda.

Alipokuwa mlimani alituma picha kwenye kundi letu la simu kila alipopata mtandao. Kuta za barafu ndefu kuliko kanisa letu, zimesimama peke yake kwenye mchanga mweusi. Yeye amevaa miwani myeusi, midomo imepasuka, anacheka. Aliandika kwamba vijito vya kule hutiririka mchana tu, jua likishayeyusha, na asubuhi hukuta vimeganda mpaka chini. Watu maabara wakawa wanapitisha simu mkono kwa mkono. Mimi nikawa nawaambia kwamba watu wa Moshi maji yao mengi yanatokana na msitu, mvua inayoshikwa na miti, wala si ile barafu, ile ni urembo tu wa kupigia picha. Ni kweli kitaalamu, lakini sikusema kwa ajili ya utaalamu. Nilisema kwa kijicho, na fundi wa mitambo, mtu mzima mwenye akili zake, aliniangalia kidogo akaendelea na kazi.

Kisha siku moja akaandika kwamba amepata mdudu. Kwenye kijito hatua chache kutoka kwenye barafu, ndani ya sinia, kiumbe amejijengea nyumba ya mchanga. Picha ilikuwa na ukungu, unaona kidoa tu. Aliandika kwamba profesa amepiga magoti kwenye mawe kumtazama, na kwamba hakuna aliyetegemea mdudu wa aina ile kule juu, na kwamba kama ni kweli, safari ya pili amemwahidi yeye, na baadaye masomo hukohuko kwao. Nilisoma ujumbe ule mara tano. Nikaandika, "Hongera mdogo wangu," nikaizima simu.

Alirudi kwa basi la Moshi, siku nzima barabarani, akaniletea vitunguu alivyonunua Ruaha Mbuyuni. Mtu anatoka kwenye barafu ya mwisho ya nchi hii, ananiletea vitunguu. Nilivipokea, nikasema Mungu akubariki. Chupa zenyewe zilifuata kwenye sanduku, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa meza ya hadubini, kuzifungua ilikuwa kazi yangu.

Nilianza na ile yake. Nilimtoa mdudu kwa kibano, nikamweka kwenye kisahani, nikainamia hadubini. Alikuwa funza wa maji, wa jamaa ya wale wanaojishonea nyumba kwa mchanga na mate yao. Utotoni tulimwita fundi mwashi. Nikaangalia kuta za nyumba yake. Kule juu mchanga ni mweusi, mlima ulitoka motoni. Nyumba hii ilikuwa ya mchanga mweupe, na kati yake kulikuwa na vipande vidogo vinavyong'aa kama vioo. Vioo vile navijua tangu sijajua kusoma. Tulikuwa tunavikwangua kwenye mawe ya kijito cha nyumbani na kujipaka mashavuni siku za Krismasi.

Nilikaa chini. Naomba nisidanganye hapa, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Mdudu wake hakuwa wa barafu hata kidogo. Alisafiri kutoka Kilolo kwenye mshono wa wavu, akakaa kwenye plastiki akiwa mbichi, akatikisika na kuanguka kwenye sinia mbele ya profesa. Yale magoti ya mzee kwenye mawe yalipigiwa funza wa nyuma ya choo cha mama yangu. Nilicheka peke yangu. Halafu kicheko kikakata, kwa sababu nilikumbuka ni nani aliyeukunja ule wavu.

Ningeweza kunyamaza. Lakini profesa mwenyewe angekuja wiki ile, naye si kipofu, angeuona mchanga. Nikamwita mdogo wangu, nikamwambia angalia. Aliinama muda mrefu. Niliona mgongo wake unavyolegea polepole.

"Huyu ni wa nyumbani," alisema.

Nilisubiri aulize nani alipaswa kufua. Hakuuliza. Alinyanyuka, akafuta jicho lililokuwa kwenye hadubini, tena lile moja tu, akasema, "Nitamwambia profesa mimi ndiye sikufua."

Nikasema, "Haya."

Alimwambia. Profesa alisikitika kistaarabu, kama wanavyosikitika. Aliyatupilia mbali matokeo ya kijito kile chote, maana huwezi kuamini chupa moja ukakataa nyingine za wavu uleule, na habari ya safari ya pili haikutajwa tena. Mdogo wangu aliomba likizo akaenda Kilolo kumsaidia mama kuvuna maharage. Mezani kwake nilibaki naona kikombe chake na kalamu ya risasi aliyoitafuna. Ungedhani moyo wangu ulitulia. Haukutulia. Nilimwonea wivu kwa aliyoyaona, na sasa nilimwonea wivu hata kwa jinsi alivyolibeba lile jambo, kimya, mabega yamenyooka. Mimi nisingeweza.

Mwezi wa sita profesa akanipigia simu. Alisema mdogo wangu alimweleza kwamba aliyemtambua mdudu ni mimi, kwa kuangalia mchanga tu, na kwamba mtu mwenye jicho kama hilo na uangalifu kama huo ndiye aliyemtaka tangu mwanzo. Safari ya pili ni Septemba. Barafu ile haimsubiri mtu, kila mwaka anaikuta imepungua. Je, safari hii ningependa kwenda badala ya mdogo wangu?

Nilichokitamani kuliko vyote kilikuwa kimekuja mlangoni, kimepiga hodi mara ya pili kama nilivyotaka. Nilimwambia nitampigia kesho. Nikapanda basi kwenda Iringa, na kutoka Iringa nikapanda gari la Kilolo, na njia nzima nilikuwa najipangia maneno. Nilijiambia naenda kumuaga tu. Nilijiambia vilevile kwamba yeye ameshaona, zamu ni zamu.

Nilimkuta jikoni anamenya viazi, amejifunga shuka mbili kwa baridi. Mama alikuwa nje na kuku wake. "Kamwene," tukasalimiana, nikavuta kigoda, nikachukua kisu, tukamenya. Nilimweleza simu ya profesa. Alisema ni vizuri sana, nenda dada, vaa soksi mbili, asubuhi kule vidole vinakufa. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo nilipokasirika, maana kama angenuna ningeondoka na safari yangu.

Nikamwambia wavu niliuacha mchafu makusudi.

Hakuacha kumenya. Alisema, "Najua. Nilikuona ukiukunja, maji yalikuwa yanadondoka sakafuni."

Nilimuuliza kwa nini basi hakuufua mwenyewe, kule Moshi kuna jua na kuna maji. Akaniangalia kama ninayeuliza kitu cha kitoto. Alisema angeufuaje, na aliyempa ni dada yake? Ni sawa na kukaribishwa mezani, ukachukua sahani ya mwenyeji ukaiosha upya mbele yake. Alikuwa amekaa na mfuko ule hemani siku mbili, anautazama, na kila akitaka kuugeuza mshono anaona aibu kwa niaba yangu. Akajiambia dada hawezi, labda aliufua na haukukauka tu.

Viazi viliisha. Alikusanya maganda kwenye ungo, kisha akasema neno ambalo sijalisahau. "Ila siku ile ya hadubini, niliposema nitajisema mimi, nilijua utakataa. Nilikuwa nimejiandaa kukubembeleza. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hakubali mara ya kwanza."

Nilitoka nje nikasimama karibu na bakuli la kuku. Mama aliniuliza kama naumwa, nikasema ni moshi wa jikoni. Halafu nikapanda mpaka juu ya kilima, penye mtandao, nikampigia profesa. Nilimwambia wavu ulikuwa wangu, kufua ilikuwa kazi yangu, sikufua kwa sababu ya wivu, na mdogo wangu alijitwika kosa lisilo lake. Nilitumia neno hilo hilo, wivu. Profesa akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo, mara moja, bila kusubiri aulize tena.

Septemba alikwenda yeye. Naandika haya akiwa hukohuko mlimani, na sitaki mtu afikiri kwamba nimetakasika. Jana ametuma picha ya ukuta wa barafu ambao mwaka huu una tundu katikati, mwanga unapita, na nilipoiona roho ilinisokota vilevile kama zamani. Ningetoa kitu kikubwa niwe nimesimama pale. Ile ni safari ambayo haitakuja tena kwa mtu wa umri wangu, na nikiwa mkweli, kuna asubuhi naamka namchukia mpaka ninywe chai.

Lakini kabla hajaondoka alikuja kuomba wavu. Nilikuwa nimeshaufua, nimeupitia kwa sindano, nimeuanika siku mbili uani, na siku ya tatu kwa woga. Nikamwekea mezani pamoja na sindano, nikamwambia augeuze mwenyewe aangalie. Alisema hakuna haja, dada. Nikamwambia angalia. Akasema anaona ni msafi. Nikamwambia mara ya tatu, nikamshika mkono nikauweka kwenye pindo. Basi akavuta kiti karibu na dirisha, akachukua sindano, akaanza kuupitia mshono wote polepole, tundu kwa tundu, na mimi nikakaa pale pale mbele yake mpaka alipomaliza.